Jina la programu lipitishe Mwaloni kwanza

Kabla hujamlipa mtu akuchoree nembo, peleka jina la programu yako kwa watakaoitumia. Litamke kwa sauti, kisha nyamaza uwasikilize. Mimi nilijifunza hilo kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, katikati ya magunia ya dagaa.

Tulikuwa watatu, tunatengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wauza dagaa kuandika mauzo na madeni. Mwenzetu anayejifunza Kijapani akaleta jina Kokoro, yaani moyo. Likatupendeza: fupi, linatamkika. Nilikuwa nimewahi kulisikia neno hilo redioni, ila sikuliunganisha. Nikaenda kumwonyesha mama mmoja anayeuza kwa jumla. Alikuwa amechuchumaa akichambua dagaa, anaokota changarawe kwa ncha za vidole. Akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Mwanangu, kokoro si ndilo linachomwa moto?"

Kwa mvuvi wa ziwa hili, kokoro ni wavu unaokokotwa hadi ufukweni, unazoa mpaka vifaranga vya sato na sangara. Ni haramu, na yakikamatwa huteketezwa. Nani aweke hesabu zake humo?

Tukaja na Anika, kwa kuwa dagaa huanikwa. Safari hii aliyetukatalia ni mchuuzi kijana: "Mnataka kuanika madeni yetu?" Ukweli ni kwamba programu yenyewe ni ya kutunza siri za watu. Kwa hiyo usiulize "jina zuri?" maana watakuitikia kwa adabu. Uliza, "Ukilisikia, unafikiria nini?" Na waulize wazee pamoja na vijana, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, sokoni kwetu wote wapo.

Hata majina ya mbali yanatufikia hivyo hivyo. Uptime Kuma ni programu ya kufuatilia kama tovuti iko hewani, nzuri sana, na naitumia. Kwa Kijapani kuma ni dubu. Walioichagua hawana kosa. Kwetu ni neno la utupu wa mwanamke, halitajwi mbele ya wakwe. Kwenye ripoti za wateja naandika "mfumo wa ufuatiliaji" tu.

Jina likishapita sokoni, litafute intaneti na BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, uone kama lina mwenyewe. Firefox, programu ya kufungulia tovuti, ilianza 2002 ikiitwa Phoenix, 2003 ikawa Firebird, na 2004 ndipo ikapata jina la sasa, kwa sababu yale mawili yalikuwa yanatumika na wengine. Na hapa uwe makini: kitambulisho cha programu (application ID) kwenye Google Play hakibadiliki ukishaichapisha. Jina linaloonekana kwa watumiaji unaweza kulibadilisha, hicho hapana. Usikiandike kwa jina ambalo bado linajadiliwa. Ndani yake weka neno la kawaida kama "mauzo".

Sisi mwishowe tuliichagua Ndoo, kipimo ambacho kila muuza dagaa anacho mkononi. Nikarudi kwa yule mama, akalitamka mara mbili, akaendelea kuchambua bila kuuliza kitu. Nyuma yake wapakiaji walikuwa wamelisikia. Mmoja akashusha gunia, akanyanyua mikono juu kama nahodha wa timu: "Tumechukua ndoo!" Maana hiyo ya kombe hatukuipanga, ila tumeiacha ibaki.