Kuwasomea watoto hadithi za kale za Waingereza: kitabu, picha na sauti

Vitabu viwili ndivyo vya kuanzia, na majina yao yamefanana. English Fairy Tales cha Joseph Jacobs kilitoka London mwaka 1890, kina hadithi 43 na michoro ya wino ya John D. Batten. Cha Flora Annie Steel ni cha mwaka 1918, na picha zake zilichorwa na Arthur Rackham, nyingine za rangi, nyingine za wino. Vyote vimekwisha muda wa hakimiliki Uingereza na vinapatikana bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Kabla ya kupakua, hakikisha faili lina picha, kwa maana mafaili ya maandishi matupu nayo ni mengi.

Ukinunua chapa mpya ya bei nafuu, usiamini jalada. Fungua hadithi ya dubu watatu. Kwa Jacobs, anayeingia nyumbani mwa dubu ni bibi kizee. Kwa Steel ni msichana Goldilocks. Kisha tazama nguruwe watatu: kwa Jacobs, wawili wa kwanza huliwa, na wa tatu humpokea mbwa mwitu kwa sufuria ya maji yanayochemka, akampika na kumla. Kama jalada limeandikwa Jacobs na nguruwe wote wamepona, hayo si maneno yake. Maandishi yaliyolainishwa hivyo huwa yamepoteza pia mashairi na marudio, na hivyo ndivyo vinavyowafanya watoto wasikilize.

Kuprinti. Michoro ya Batten ni mistari myeusi, hivyo hata fotokopi ya kawaida haiiharibu. Picha za rangi za Rackham ni kahawia na kijivu hafifu. Ukizitoa kwa nyeusi na nyeupe, nyuso na mizizi ya miti huungana zikawa doa moja. Chapa maandishi kwenye karatasi ya gramu 80, na picha za rangi peke yake kwenye karatasi laini ya gramu 120 au zaidi. Pima pia ukubwa wa faili la picha: yenye upana wa pikseli 800 hutoka safi kwa upana wa sentimita 10 hivi. Ukiivuta ijaze A4, mistari inapasuka.

Zamani kurasa za rangi zilichapwa mbali na maandishi, kwenye karatasi nyingine, kisha fundi jalada akazipachika. Ndiyo sababu picha inaweza kukaa kurasa kadhaa kabla ya tukio lake, na, katika hadithi ya Jack anayepanda mharage mrefu, mtoto akaona mwisho wa jitu wakati Jack bado yuko chini. Soma maelezo yaliyo chini ya kila picha, tafuta sentensi yake, weka kipande cha karatasi hapo. Soma sentensi kwanza, kisha onyesha picha, ukikaa kimya mpaka macho yashibe.

Jacobs mwenyewe aliandika katika dibaji kwamba kitabu chake ni cha kusomwa kwa sauti. Anza na Teeny-Tiny, ambayo ni fupi kabisa: mwanamke mdogo anaokota mfupa makaburini, anauweka kabatini, na usiku sauti inaudai. Kila mara sauti inapanda kidogo, mpaka yeye anapojibu kwa kelele, “CHUKUA!” Ukianza kwa sauti kubwa, hutakuwa na pa kupandia.

Baadaye nenda kwa hadithi ya bibi na nguruwe wake aliyegoma, mnyororo mrefu ambamo kila mmoja anaombwa amlazimishe aliyetangulia: mbwa, fimbo, moto, maji, ng’ombe, mchinjaji, kamba, panya na paka. Usiusome kwa kubahatisha. Uandike pembeni kwa mpangilio wake, maana ukikosea kiungo kimoja kwenda, kurudi hakuendi, na watoto watakusahihisha.

Tom Tit Tot ndiyo bora kuliko zote. Msichana anapewa mwezi mmoja wa kusokota mafungu matano ya uzi kila siku, la sivyo auawe. Kijitu cheusi chenye mkia mrefu kinamsaidia, na kila usiku msichana ana nafasi tatu za kubahatisha jina la kijitu hicho. Mkia unazunguka kwa kasi zaidi kadiri siku zinavyokwisha. Uzungushe kidole, nawe ongeza mwendo. Waache watoto nao wabahatishe majina. Wimbo wake lazima ubaki na mizani, kwa mfano: “Nimi nimi noti, jina langu Tom Titi Toti.”

Nguruwe watatu wanatanguliwa na ubeti wa enzi ambazo nguruwe walisema kwa vina na nyani wakatafuna tumbaku. Unafanya kazi ya paukwa–pakawa, basi itikishaneni kwanza, kisha usome ubeti, usiuruke. Mr Fox ina mkono uliokatwa, na inafaa wenye miaka 12 na kuendelea.

Mwishoni mwa kitabu, Jacobs ameweka tangazo linalowakataza watoto kusoma zaidi. Mtu mzima aendelee: maelezo yanayofuata yanataja chanzo cha kila hadithi na mahali alipobadilisha maneno, na ni vyema kuyapitia kabla ya kuwaita wasikilizaji.