Jinsi ya kutambua rangi ya kinda wa baji kabla hajaota manyoya

Wafugaji wengi wa baji, wale kasuku wadogo wa Australia ambao jina lao kamili ni bajerigari, hungoja hadi wiki ya nne, manyoya yakishaenea, ndipo waamue kinda ni wa rangi gani. Kungoja huko kuna hasara, kwa sababu alama moja iliyo muhimu sana huonekana katika siku 5 za mwanzo tu. Alama hiyo ni rangi ya jicho ambalo bado limefumbwa, na mfugaji asiyeitazama kwa wakati wake hulazimika kukisia mambo ambayo angeweza kuyajua.

Kabla ya yote, andaa daftari. Jike hutaga yai moja kila baada ya siku 2, mara nyingi mayai 4 hadi 6, na kila yai huchukua siku 18 hivi kuanguliwa. Kwa kuwa huanza kuatamia mapema, makinda nao hutoka kwa kupishana, hata wa kwanza akawa ametimiza wiki nzima wakati wa mwisho anapasua ganda. Usilinganishe kinda wa siku 8 na mdogo wake wa siku 2 ukadhani umeona tofauti ya rangi, ilhali ni tofauti ya umri. Andika tarehe ya kila mmoja, na chini yake rangi za baba na mama, pamoja na za babu na bibi kama unazijua.

Ukaguzi ufanyike mchana, saa ileile kila siku, mama anapotoka kula. Mwanga wa dirishani ndio bora, kwa maana balbu ya manjano hubadilisha rangi zote za ngozi. Ikiwa sanduku liko chumba cha ndani, tumia tochi ya simu, lakini funika taa yake kwa kitambaa cheupe na umulike kutoka ubavuni. Asubuhi za mvua za Aprili au Novemba hapa Kampala huwa na baridi, na kinda aliye uchi hupoteza joto upesi sana. Nawa mikono, pasha viganja moto kwa kuvisugua, na usimshike kinda zaidi ya dakika 1.

Mlaze kiganjani kwa ubavu. Ngozi iliyofunika jicho ni nyembamba kama utando wa kitunguu, na jicho lenyewe huonekana nyuma yake mfano wa punje. Kwa baji wa kawaida, awe wa kijani au wa buluu, punje hiyo ni nyeusi tangu siku ya kwanza. Kwa lutino, baji wa manjano matupu, na albino, yule mweupe mtupu, ni nyekundu ya waridi, wala haitakuja kuwa nyeusi. Katikati ya hao wawili yuko baji wa mdalasini, yule ambaye michirizi yake ya mabawa itakuwa ya kahawia badala ya nyeusi: jicho lake huanza likiwa na rangi ya maji ya jambula, yaani zambarau iliyokolea, kisha hukolea siku baada ya siku. Likifika siku ya 6 au ya 7, na hasa baada ya kufumbuka karibu na siku ya 10, ni vigumu kulitofautisha na jicho la kawaida. Ukiwa na shaka, mweke kando ya nduguye mwenye jicho jeusi, na shaka hiyo mara nyingi itaondoka.

Msimu mmoja nilisafiri kwenda Jinja kwa siku 9, nikarudi na kukuta makinda wawili waliotoka nyuma yangu wakiwa tayari na macho meusi. Niliwaandika wote wawili kuwa wa kawaida. Mmoja nilimuuza akiwa na wiki 6, baada ya kumwangalia jioni chini ya taa hafifu, na mnunuzi alipompeleka juani ndipo michirizi ya kahawia ilipojitokeza. Nilisikitika, kwa kuwa alikuwa jike niliyemhitaji sana katika kupandisha.

Nilijuaje kuwa ni jike? Hapa ndipo jicho linapotoa faida mara mbili. Rangi za lutino na albino, mdalasini na opalini, yule ambaye mgongo wake una rangi ya mwilini karibu bila michirizi, hurithiwa kwa kufuatana na jinsia. Dume ana nafasi mbili za kubeba jeni hiyo, jike ana moja tu. Kwa hiyo baba wa mdalasini akipandishwa na mama wa kawaida, mabinti wote watakuwa wa mdalasini, na wana wa kiume wote wataonekana wa kawaida huku wamebeba jeni ya baba kwa siri. Vivyo hivyo, kinda mwenye jicho jekundu akitoka kwa wazazi wawili wa kawaida, karibu hakika ni lutino au albino wa kike, na baba yake ndiye aliyebeba. Umejua jinsia ya kinda wa siku 1, wiki nyingi kabla ngozi iliyo juu ya mdomo, penye tundu za pua, haijaonyesha chochote.

Baada ya wiki ya kwanza, geukia malaika, yaani yale manyoya mororo yanayotangulia manyoya halisi. Vinyweleo vichache anavyotoka navyo kwenye yai havisemi kitu. Vinavyofaa ni vile vizito vinavyofuata. Kinda wa kawaida huvikwa malaika wa kijivu, ilhali opalini, lutino na albino huwa na malaika weupe. Basi malaika weupe pamoja na jicho jeusi ni dalili nzuri ya opalini, ingawa peke yake haitoshi kuapia, kwani baadhi ya baji wenye mabaka nao huwa hivyo. Tazama pia miguu na mdomo: makinda wote huanza na miguu ya waridi, lakini ya kinda wa kawaida huelekea kuwa ya kijivu, na mdomo wake huwa na weusi ambao hufifia akikua. Miguu ikibaki ya waridi bila doa na mdomo ukawa wa chungwa, hali jicho ni jeusi, fikiria mabaka ya kurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili.

Kuhusu kijani na buluu, ngozi haikuambii lolote. Daftari ndilo hukuambia. Wazazi wawili wa buluu hawazai kijani. Wazazi wawili wa kijani wanaweza kuzaa buluu ikiwa wote wamebeba, kwa wastani kinda 1 kati ya 4. Ukolezi wa rangi nao huhesabiwa hivyohivyo: kijani hafifu akipandishwa na wa zeituni, makinda wote huwa wa kijani kilichokolea.

Karibu na siku ya 12 miiba ya manyoya huanza kuchomoza, na hapo majibu huja haraka. Angalia kwanza usoni na utosini: miiba yenye umanjano ni ya ukoo wa kijani, myeupe ni ya ukoo wa buluu. Kwa kinda mwenye jicho jekundu, umanjano huo ndio unaomtenga lutino na albino, kwani hadi saa hiyo walikuwa sawa kabisa. Kisha mgeuze umtazame mgongoni, katikati ya mabawa; opalini huchomoza hapo rangi ileile ya mwilini, karibu bila michirizi.