Mkanda wa Mashine ya Marobota Ukihama, Usikimbilie Spana

Msimu wa kukata nyasi za Boma Rhodes ukifika, mashine ya kufunga marobota ya mviringo haipumziki. Leo iko Njoro, kesho imekodiwa Rongai, keshokutwa iko Narok kwenye mabua ya ngano. Katikati ya pilikapilika hizo dereva anageuka nyuma na kuona mkanda mmoja umempanda mwenzake, au ukingo wake umeanza kutoa nyuzi kama mkeka mkuukuu. Anachofanya, karibu kila mara, ni kuchukua spana na kulegeza bolti za rola. Hapo ndipo anapoharibu.

Rola ambayo bolti zake hazijalegea haina sababu ya kwenda upande usiku mmoja. Kilichobadilika ni kingine, na usipokijua utakuwa unanyoosha rola iliyonyooka.

Mashine ya aina hii mara nyingi huwa na mikanda sita hadi minane inayopita sambamba juu ya rola zilezile. Mkanda bapa una tabia mbili. Kwanza, hupanda palipo na unene. Pili, rola ikikaa mshazari, mkanda hukimbilia upande unaoigusa rola mapema. Ukizishika hizo mbili, mengine unayasoma mwenyewe.

Kabla ya kuingiza mkono popote, zima trekta, toa ufunguo utie mfukoni, na usubiri kila kinachozunguka kisimame. Lango la nyuma likiwa wazi, funga vali yake ya usalama, maana haidroli ikiachia, lango hushuka bila taarifa. Na yule kijana anayependa kuusukuma mkanda kwa fimbo mashine ikizunguka, mwondoe hapo.

Sasa chukua tochi. Angalia rola moja baada ya nyingine, hasa kwenye ncha zake. Nyasi zilizokatwa zikiwa na umande huacha utomvu unaogandamana na vumbi, ukawa ganda gumu. Wakati mwingine ni neti au kamba ya kufungia robota iliyojizungusha. Niliwahi kukuta neti imejiviringa kwenye ncha ya rola ya chini hadi unene wa kidole gumba, na mwenye mashine alikuwa ameshageuza bolti mara tatu wiki hiyo. Tulikata neti kwa kisu, tukakwangua ganda, tukarudisha bolti kwenye alama zake za zamani. Mikanda ikatulia.

Ukiwa hapo hapo, sikiliza beringi. Zungusha kwa mkono rola inayokubali kuzungushwa. Ikikwaruza au ikichezacheza, badilisha beringi kwanza. Beringi iliyokufa huiacha rola ikae mshazari, tena hupata moto, na moto ndani ya mashine iliyojaa vumbi la nyasi kavu hauhitaji maelezo.

Kisha nenda ukaliangalie robota lenyewe. Likiwa nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, mashine haina kosa, kosa liko kwenye usukani. Upande ulioshiba unaikaza mikanda yake, upande wenye njaa unaiacha imelegea, na mkanda uliolegea ndio unaotangatanga. Msururu wa nyasi zilizolazwa shambani ukiwa na upana sawa na chemba, yaani nafasi ya ndani linamofungwa robota, nenda moja kwa moja. Ukiwa mwembamba, lisha upande wa kushoto kwa mita 10 hadi 15, vuka upesi, ulishe upande wa kulia kwa umbali huohuo. Wengi huendesha kama nyoka, kushoto kulia bila kukoma. Matokeo yake katikati kunajaa na kingo zinabaki laini. Robota la namna hiyo hata mvua huliingia kirahisi.

Ikiwa marobota yametoka sawa na rola ni safi, lakini mkanda uleule bado unahama, fanya jaribio hili. Chomoa pini za viungo, pale ncha mbili za mkanda zinapoungana, ubadilishane mkanda huo na wa upande mwingine. Tatizo likihama nao, ugonjwa uko kwenye mkanda. Likibaki mahali pake, ugonjwa uko kwenye rola.

Mkanda mgonjwa mara nyingi umeugulia kwenye kiungo. Ulikatika shambani, fundi akaukata kwa macho, akagonga klipu, kazi ikaendelea. Kiungo kisipokaa pembe mraba na ukingo wa mkanda, kila kikipita juu ya rola kinauvuta mkanda kando. Kata upya kwa guniya ya seremala, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, upande mmoja wa guniya ukilala sambamba na ukingo. Kumbuka kwamba kila unapokata, mkanda unafupika, kwa hiyo ulaze chini kando ya wenzake upime urefu wote. Kitabu cha mashine yako kinaeleza tofauti inayoruhusiwa.

Baada ya yote hayo ndipo zamu ya spana. Pima kwa futi ya fundi kutoka katikati ya rola moja hadi katikati ya rola jirani, upande wa kushoto na wa kulia. Vipimo vikitofautiana, tafuta rola ambayo kitabu kinaruhusu irekebishwe, si zote. Piga alama ya chaki ilipo sasa. Sogeza upande mmoja tu, milimita mbili au tatu, kaza, kisha funga robota zima. Usihukumu kwa mashine tupu, kwa sababu mikanda bila mzigo haina mkazo inaoupata kazini.

Robota la kwanza likitoka, zima tena, chungulia: nafasi kati ya mkanda na mkanda ilingane, na wa pembeni usiwe unang'arisha bati la ukuta. Acha ile chaki ya mwanzo ibaki, ili hata dereva mwingine akija ajue ulianzia wapi.