Ona Vinasaba Vyako kwa Chumvi, Sabuni na Spiriti

Nafundisha baiolojia kidato cha nne. Kila mwaka nikiuliza vinasaba, yaani DNA, viko wapi mwilini, darasa zima hujibu: "Kwenye damu!" Siku hiyo naweka chaki kando, tunaanza na mate.

Sukutua kwanza kwa maji matupu, mabaki ya chakula yatoke. Kisha koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika vijiko vitatu vya chakula vya maji safi. Yatie mdomoni, usukutue dakika nzima huku ukisugua mashavu kwa meno kutoka ndani. Hapa usiharakishe. Tunachotafuta si mate bali seli za shavu zinazobanduka, na seli nyeupe za damu zinazopenya kwenye ufizi. Anayesukutua sekunde kumi huambulia maji matupu. Tema kwenye bilauri ya kioo.

Ongeza matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Koroga taratibu, povu lisipande. Utando wa seli na wa kiini chake umejengwa kwa mafuta, na sabuni huuvunja kama inavyong'oa mafuta kwenye sufuria. Subiri dakika tano.

Spiriti ya duka la dawa iwe imelala kwenye friza, chupa imefungwa. Inamisha bilauri, uimimine polepole ubavuni ielee juu, kiasi kama cha maji yaliyomo. Moto usiwe karibu, na mtu asionje. Vinasaba huyeyuka kwenye maji ya chumvi lakini si kwenye spiriti, kwa hiyo baada ya dakika chache nyuzi nyeupe huanza kujikusanya pale vimiminika viwili vinapokutana. Zizungushe kwenye kijiti. Humo mna protini kidogo, na vinasaba vya bakteria wa kinywani pia. Wengine hutia juisi ya nanasi ili ivunje protini. Mimi siitii, kwa sababu nanasi nalo lina vinasaba vyake.

Darasa likishatulia ndipo tunarudi kwenye damu. Seli nyekundu hutupa kiini chake zinapokomaa, hivyo vinasaba vya kwenye damu hutoka kwenye seli nyeupe. Mwaka 1869, huko Tübingen, Ujerumani, Friedrich Miescher alivipata kwenye usaha wa bandeji za wagonjwa, maana usaha umejaa seli nyeupe. Ini, misuli, uboho, mifupa, moyo wa jino: penye seli yenye kiini, vipo, na vya seli moja vikinyooshwa hufikia kama mita mbili.

Nywele ndizo huwachanganya watu. Mama mmoja aliniletea bahasha ya nywele za mwanawe zilizokatwa kwa kinyozi, akitaka kujua zipelekwe wapi zimthibitishe baba. Unywele uliokatwa hauna mzizi wenye seli zenye kiini, na kilichobaki ndani yake ni hasa vinasaba vya mitokondria, yaani visehemu vya seli vilivyo nje ya kiini vinavyotengeneza nishati, ambavyo mtoto hurithi kwa mama. Nywele zile zingeweza kumtaja yeye, si baba. Nilimweleza kwamba sampuli ya shavu ndiyo ingemfaa, ichukuliwe na wataalamu wa Mkemia Mkuu wa Serikali hapa Tanzania kwa utaratibu wa sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009.