Kufungua kidaka kilichozibwa katika nyumba ya mawe

Kuta za nyumba kongwe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zina unene wa nusu mita na zaidi, mawe ya matumbawe kwa chokaa. Vidaka vya kuwekea vyombo, misahafu na taa vilijengwa humo humo ukutani, na vingine vikaja kuzibwa na vitu vyake ndani.

Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo, kiganja baada ya kiganja. Mlio mwepesi wa kuchakacha ni lipu iliyobanduka tu. Mlio wa mtungi mtupu, wenye mipaka unayoweza kuichora kwa chaki, ndio kidaka. Angalia pia mpangilio: vidaka hupangwa kwa ulinganifu, hivyo kimoja kikiwa kushoto na kulia hamna kitu, tafuta kulia.

Kabla ya kutoa jiwe lolote, bandua lipu kidogo juu ya kidaka mpaka uione linta, yaani mhimili unaobeba ukuta juu ya uwazi. Ikiwa ni ya mti, ichome kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mchwa wameshaimaliza, na mawe yaliyozibia ndiyo yanayobeba ukuta pamoja na boriti za dari. Ukiyatoa umeshusha dari. Hapo simamisha kazi, weka gadi (nguzo za kuegemeza) chini ya boriti, umwite fundi anayezijua nyumba za mawe, si yeyote mwenye mwiko.

Linta ikiwa nzima, anzia safu ya juu kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo, jiwe moja moja. Mashine ya kutoboa iache: mtikisiko wake hulegeza kifusi cha katikati ya ukuta, kikamwagika chini na kuacha uwazi usioonekana kwa nje. Vaa barakoa na miwani, kwani vumbi la chokaa huunguza macho.

Tundu likitosha ngumi, ingiza tochi na simu. Piga picha kila kitu kilipo, tepu ya kupimia ikiwa kando, na uandike chumba, ukuta na kimo kutoka sakafuni. Kitu kilichotolewa bila maelezo hayo kimepoteza nusu ya habari yake.

Karatasi iliyokunjwa usiikunjue ikiwa kavu, itavunjika kwenye mikunjo. Ifunge kwa karatasi nyeupe isiyo na maandishi, ndani ya boksi, mbali na jua. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu na kuleta kuvu. Hirizi iache imefungwa, na chochote chenye aya kisikae sakafuni. Bakuli lililogandishwa kwa chokaa lisikongolewe kwa bisibisi. Toa chokaa kulizunguka.

Sarafu ndizo huharibiwa zaidi, kwa ndimu na majivu. Zikishang'aa, maandishi yamekwenda na kutu. Tena zisomwe kwa akili. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, yenye mwaka 1299 wa Hijria inaonyesha kwamba kidaka hakikuzibwa kabla ya mwishoni mwa 1881, lakini huenda kilizibwa miaka mingi baadaye. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, haisaidii hata kidogo: imeandikwa 1780 daima, hata zile zilizopigwa karne ya 20.

Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kale aijulishe Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba. Mji Mkongwe, kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kinatangulia nyundo.

Ukiziba tena au ukipiga lipu, tumia sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa kwa tatu za mchanga uliochekechwa, usiotoka ufukweni. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, matumbawe yakaoza nyuma yake na lipu ikapasuka. Paka tabaka jembamba, lifunike kwa magunia mabichi siku kadhaa, kisha ndipo uongeze la pili.