Ukubwa na Ukali wa Tetemeko: Mambo ya Kuzingatia Kabla kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Jambo la kwanza la kuzingatia, kabla hata ya kununua tochi au kuhamisha kabati, ni kuielewa namba inayotangazwa redioni kila ardhi inapotikisika. Wanasayansi hupima tetemeko kwa namna mbili. Kuna ukubwa, unaotokana na nishati iliyofunguka pale miamba ilipokatika na kuteleza chini ya ardhi, na tetemeko moja lina ukubwa mmoja tu, popote linaposikika. Kuna pia ukali, yaani kiwango cha mtikisiko na madhara mahali fulani, na huo hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Ukubwa hauna kinga. Ukali ndio unaoweza kujiandaa nao, na maandalizi hayo ndiyo yanayonihimiza kuandika.

Kipimo cha Richter kilibuniwa mwaka 1935 huko California. Vyombo vya habari bado vinakitaja, lakini kwa matetemeko makubwa wataalamu hutumia zaidi kipimo kilichowekwa na Thomas Hanks na Hiroo Kanamori mwaka 1979, kinachozingatia eneo la ufa uliovunjika, umbali ambao miamba imeteleza na ugumu wa miamba yenyewe. Kila namba inapopanda kwa moja, mtikisiko unaochorwa na seismomita, yaani chombo cha kupimia mitikisiko ya ardhi, huongezeka mara 10, na nishati huongezeka karibu mara 32. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililoharibu maelfu ya nyumba na kuua watu zaidi ya 15, lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na lile la Rukwa la Desemba 1910, lenye ukubwa wa 7.4, lilifungua nishati karibu mara 180 ya hiyo. Kwa hiyo tofauti ya nukta chache si ya kupuuzwa.

Ukali hupimwa kwa madaraja 12 yaliyoanzia kwa Giuseppe Mercalli mwaka 1902 na kurekebishwa mwaka 1931, nayo ni ya kusoma mtu akiwa nyumbani kwake. Katika daraja la III, taa inayoning'inia huyumba kidogo, na aliye ndani hudhani lori limepita barabarani. Katika la IV, vyombo kabatini na vioo vya madirisha hugongana. Daraja la V huwaamsha wengi waliolala na kuangusha vitu visivyokaa imara, na la VI husogeza samani nzito na kumegua lipu. Kuanzia la VII ndipo nyumba iliyojengwa vizuri na iliyojengwa ovyo zinapotofautiana waziwazi.

Pita na madaraja hayo chumba kwa chumba, ukijiuliza kitu gani kitaanguka na kitamwangukia nani. Kabati la nguo lililo karibu na kitanda cha watoto lifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe na skrubu, na pangaboi likaguliwe na fundi pale linaposhikiliwa darini. Mtungi wa gesi ufungwe kwa mnyororo, na kila anayeishi humo, akiwemo dada wa kazi, ajue kuifunga gesi palepale juu ya mtungi na kuzima umeme kwenye swichi kuu. Naomba tangi la maji litazamwe kwa makini zaidi, maana limezoeleka mno kiasi kwamba hatulioni tena: lita 1,000 za maji ni tani moja ya uzito, na katika nyumba nyingi uzito huo umewekwa juu ya mnara wa vyuma vyembamba, mita chache kutoka dirisha la chumba cha kulala. Miguu ya mnara isiwe na kutu, iungwe kwa vyuma vya mshazari, na ifungwe kwenye msingi wa zege.

Baada ya vitu, angalia ardhi. Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko lenye ukubwa wa 8.0 lilitokea katika pwani ya Pasifiki ya Meksiko, lakini maangamizi makubwa yalitokea Mexico City, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, kwa sababu sehemu ya mji huo imejengwa juu ya tope la ziwa la kale, ambalo lilitikisika kama uji ndani ya bakuli na kuwaelemea zaidi wenye majengo ya ghorofa za wastani. Dar es Salaam nayo haina ardhi ya aina moja. Kuna maeneo ya pwani yaliyokaa juu ya mwamba wa matumbawe, na kuna bonde la Msimbazi lenye udongo laini ulioletwa na maji. Anayenunua kiwanja bondeni hujihadhari na mafuriko. Azingatie pia kwamba udongo huo hukuza mtikisiko.

Kuhusu jengo lenyewe, mwaka 2010 unatosha kuwa ushahidi. Tetemeko la Haiti la mwezi Januari lilikuwa na ukubwa wa 7.0, na lile la Chile la mwezi Februari 8.8, yaani nishati karibu mara 500 zaidi. Haiti walikufa watu zaidi ya 100,000, Chile mamia. Umbali wa kitovu, yaani mahali tetemeko lilipoanzia, ulichangia, lakini tofauti kubwa ilikuwa kwenye ujenzi. Kabla ya kupanga au kununua nyumba ya ghorofa, chunguza ghorofa ya chini: ikiwa imeachwa wazi kwa maduka au maegesho, ikiwa na nguzo chache na kuta chache kuliko za juu, hapo ndipo jengo huelemewa kwanza. Anayejenga nyumba ya chini asikubali fundi aruke lenta au apunguze nondo ili kubana gharama.

Wanafamilia wafundishwe pia kuhusu sekunde. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko husafiri haraka na hutikisa kidogo. Yanayofuata ni ya polepole lakini ndiyo yanayobomoa. Kitovu kikiwa kilomita 100 kutoka hapa, kuna sekunde kama 12 kati ya mawimbi ya kwanza na yanayofuata, na kwa kupima pengo hilo katika vituo vitatu au zaidi wanasayansi hujua tetemeko limetokea wapi. Sekunde hizo zinatosha kuingia chini ya meza imara na kuishika miguu yake. Hazitoshi kushuka ngazi kutoka ghorofa ya sita, na lifti isiguswe kabisa.

Walio karibu na bahari wana jambo la ziada. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini, kusini mashariki mwa jiji hili, na watu wengi walilisikia. Aliye ufukweni akisikia mtikisiko mkali au unaodumu, apande sehemu ya juu bila kusubiri tangazo. Tsunami ya Desemba 2004 ilitoka mbali, Sumatra, ikachukua saa kadhaa kufika, na bado iliua watu katika pwani yetu.

Kagua nyufa zilizopo sasa. Weka alama ya penseli kwenye ncha za kila ufa, andika tarehe pembeni na piga picha, ili tetemeko likipita mhandisi aone upi ni mpya na upi umerefuka. Na kwa kuwa madaraja ya ukali hujazwa kwa maelezo ya watu waliokuwepo, wanafamilia wajue mapema mambo ya kutaja watakapotoa taarifa: mtaa, ghorofa, aina ya nyumba, saa mtikisiko ulipoanza, kama mtu alikuwa amelala au amesimama, na vitu gani vilianguka.