Kabla ya Kutoka Kutafuta Ndege Wageni wa Vuli, Unguja na Pemba

Ndege wa pwani hula kwa ratiba ya maji. Yakipwa, husambaa juu ya mafungu ya mchanga na matope, kilomita na zaidi kutoka ufukweni. Yakijaa, hurudi nyuma kidogo kidogo mpaka wanabanana kwenye kipande cha mchanga au juu ya mikoko. Kwa hiyo kabla hata ya kuulizana nani ana nafasi Jumapili, ulizaneni mwezi uko siku ya ngapi. Anayetazama kalenda ya kazini peke yake hujikuta yuko Chwaka saa nne asubuhi siku ya bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo au mpevu), bahari imeondoka, na ndege aliowafuata ni vidoa vinavyotetemeka kwenye mvuke wa joto.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Zanzibar hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na tena alasiri, na hupwa saa nne hadi saa tano. Kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50, pungufu kidogo siku za bamvua na zaidi siku za maji mafu, yaani katikati ya mwandamo na mpevu. Baada ya wiki moja kujaa kumeshahamia saa nne au saa tano asubuhi. Bamvua hufika kilele siku moja au mbili baada ya mwandamo au mpevu, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi mita moja hivi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaona kwenye jedwali kwamba maji yanajaa saa nne asubuhi, wanafurahi, kumbe maji hayo hayana nguvu ya kufunika mafungu na ndege hawana sababu ya kusogea.

Linalotakiwa ni kuwa umeshakaa mahali pako muda wa saa mbili hadi tatu kabla ya maji kujaa, usubiri ndege waje kwako. Ukifika maji yameshajaa, utakuta wamejipanga wamelala, midomo imefichwa mgongoni, na mdomo ndio nusu ya utambuzi. Ukifika mapema mno utashawishika kuwafuata kwa miguu, nao wataruka.

Baada ya maji, jua. Ukisimama Chwaka kijijini unatazama mashariki, kwa hiyo jua la alasiri liko mgongoni mwako, na bamvua la alasiri linaangukia hapo hapo. Huo ndio mpango rahisi kuliko yote Unguja: siku ya pili au ya tatu baada ya mwandamo, fika saa nane mchana, na maji yakifika kilele bado una mwanga wa kutosha kabla ya Magharibi. Pwani ya magharibi, kuanzia Maruhubi kushuka hadi Chukwani, mpango huo huo unakupa jua la macho na ndege weusi watupu. Huko chagua siku tatu au nne baada ya kilele, maji yanapojaa baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi: bado ni mengi, na jua linachomoza nyuma yako.

Jedwali lisomwe mara mbili. Programu nyingi za simu huandika 10:00 kwa maana ya saa nne, na mtu aliyezoea saa zetu, akiwa na haraka, husoma saa kumi. Kuna nyingine hutoa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Njia ya kuhakikisha ni kumuuliza mvuvi au mkulima wa mwani wa kijiji hicho maji yanajaa saa ngapi kesho. Jibu lake likipishana na simu, mwamini yeye.

Kuhusu msimu, usichukue miezi ya vuli kama kitu kimoja. Ndege wa pwani wakubwa kwa umri huanza kuonekana Agosti, upepo bado wa kusi, wengine wakiwa na mabaki ya rangi za kuzalia. Watoto wa mwaka huo hufuata Septemba na Oktoba, manyoya yao mapya na yenye kingo nyeupe zilizopangika kama magamba. Kozi wanaohama huja baadaye, Oktoba mwishoni hadi Disemba, mvua zikiwa zimeshatoa kumbikumbi. Falco concolor, kozi wa kijivu anayezalia majangwa ya Arabuni na kaskazini-mashariki ya Afrika, hupita pwani yetu akielekea Bukini (Madagaska). Kozi mwingine, Falco amurensis, hutoka mashariki ya Asia, huvuka Bahari ya Hindi na kuingia Afrika Mashariki Novemba na Disemba, akisaidiwa na upepo wa kaskazini-mashariki. Kwa hiyo anayetaka kozi asiende Septemba, na anayetaka watoto wa vitwitwi (ndege wadogo wa pwani) wakiwa na manyoya safi asisubiri Disemba.

Siku nzuri ya kutafuta ndege wa nchi kavu ni asubuhi inayofuata usiku wa mvua na upepo. Keremkerem, kambu na wadogo wengine waliochoka hushukia vichaka vya kwanza wanavyovikuta, hasa mivinje na miti iliyo peke yake karibu na ufukwe. Pitia hapo mapema, kabla ya saa tatu. Sikiliza pia kunguru. Ni wasumbufu na ni hasara kwa ndege wadogo wa visiwa hivi, lakini wakianza kupiga kelele na kumzonga kitu angani, mara nyingi kitu hicho ni mwewe au kozi, na wamekwisha kukutafutia bila malipo.

Ruhusa ishughulikiwe mapema. Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa. Ghuba ya Menai ni eneo la hifadhi ya bahari. Kisiwa cha Misali kimo ndani ya hifadhi ya mkondo wa Pemba. Ngezi na Vumawimbi ni msitu wa hifadhi, na huingii usiku bila mlinzi wa msitu. Nje ya hifadhi, piga simu kwa sheha, kiongozi wa shehia unayokwenda, au mpitie ukifika. Mtu aliyesimama ufukweni saa tatu nzima na darubini ya stendi lazima atiliwe shaka, na sheha akijua habari zako maswali huisha kwa salamu. Usielekeze darubini wala kamera kwenye kambi za vikosi, bandari au uwanja wa ndege, hata kama ndege wa maisha yako ametua kwenye ukuta wake.

Wanaokwenda Pemba wajue kwamba Ngezi itawavuta kwa sababu nyingine. Kisiwa kina ndege wanne wasiopatikana kwingineko duniani: bundi mdogo Otus pembaensis, ninga Treron pembaensis, kinengenenge Zosterops vaughani na chozi Cinnyris pembae. Hao wapo mwaka mzima. Ukiwachanganya na wageni katika safari ya siku moja, utaikosa saa ya maji, maana msitu unataka alfajiri na magharibi. Tenga siku ya msitu na siku ya pwani.

Miguu. Mtu huvaa ndara kwa sababu ni pwani, halafu tope la mikokoni linainyonya ndara ya kwanza na chaza wanamkata unyayo. Vaa viatu vyepesi vya kufunga, vyenye soli ngumu, ambavyo huoni uchungu vikilowa. Ukipita maji ya magoti kwenye mchanga, buruta miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki taa aliyejifukia akusikie na kuondoka. Usikatize kwenye shamba la mwani. Kamba zake ziko usawa wa kifundo, na ukikanyaga moja umeng'oa kazi ya mtu. Zunguka, au omba njia kwa akina mama wenyewe. Na kabla ya kutoka ufukweni kwenda kwenye fungu, geuka utazame nyuma: kama kuna mkondo au bonde baina yako na nchi kavu, maji yatajaa huko kwanza, wakati ulipo wewe bado ni pakavu. Kundi liwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama saa na mkondo huo, siyo ndege. Watu wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi, hapana utulivu.

Chukua maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu kwa nusu siku, kofia, boflo na mayai au chochote kisichooza kwa joto. Nguo ziwe za rangi iliyofifia. Kanzu nyeupe au buibui jeusi juu ya mchanga huonekana na ndege mapema mno. Siku ya Ijumaa usiweke miadi ya saa sita na saa saba, hutapata dereva wala nahodha. Bamvua la alasiri hukutana pia na swala ya alasiri, basi mkubaliane mapema mtaswali wapi, ili nusu ya kundi isitawanyike pale pale ndege wanapokusanyika.

Darubini ya mkononi iwe 8x42 au 10x42 (ukuzaji wa mara 8 au 10, kioo cha mbele cha milimita 42). Kwa bahari iliyo wazi, ya stendi yenye ukuzaji wa 20 hadi 60 ni muhimu, ingawa joto likipanda kuanzia saa tatu asubuhi hutafaidika na zaidi ya 30: unakuza mvuke tu. Stendi izamishwe mchangani na mfuko wako utundikwe chini yake, la sivyo upepo wa pwani utaitikisa na rangi ya miguu hutaijua kamwe. Ukilala chumba chenye kiyoyozi, toa vifaa nje vikiwa ndani ya begi nusu saa kabla ya kuvitumia, vinginevyo vioo vitafunikwa na ukungu dakika ile ile ndege anapotua. Chumvi usiipanguse kavu kwa shati, kwa sababu chembe za mchanga zilizomo hukwaruza kioo. Ilainishe kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, halafu kausha. Nyumbani vihifadhi ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Unyevu wa visiwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu haipanguswi. Mchele hausaidii kitu isipokuwa kuongeza vumbi.

Sasa utambuzi, na hapa ndipo maandalizi ya kweli yalipo. Ndege adimu hujulikana na anayewajua wa kawaida mpaka amewachoka. Kabla ya msimu, jifunze sululu, vitwitwi, buabua na shakwe wanaoonekana kila wiki, wakiwa na manyoya mapya na wakiwa wamechakaa. Mfano unaosumbua kila mwaka: mtu hutangaza kitwitwi Calidris alpina, ambaye ni nadra sana Afrika Mashariki, kumbe ni Calidris ferruginea mwenye mdomo mfupi kidogo. Jibu liko kiunoni anaporuka. Ferruginea ana nyeupe tupu juu ya mkia. Alpina ana mstari mweusi unaoikata nyeupe hiyo katikati. Bila kumwona akiruka, usiandike jina. Vivyo hivyo kwa vitwitwi wawili wa mchangani wanaofanana: Anarhynchus leschenaultii (zamani Charadrius) ana mdomo mrefu kuliko umbali wa kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, na atrifrons (zamani akiitwa mongolus) mdomo wake hauzidi umbali huo. Pima hilo kwenye picha ya ubavu, kwani kichwa kikigeuka hata kidogo kipimo kimeharibika.

Kwa kozi, tazama rangi ya miguu na urefu wa mabawa anapotua. Concolor mzima ni kijivu mwili mzima, miguu ya njano, ncha za mabawa zinafika mwisho wa mkia au kuupita kidogo. Amurensis ana miguu ya rangi ya chungwa iliyoiva, na dume akiruka utaona nyeupe chini ya bawa.

Dromas ardeola, mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene kama kisu, hahitaji mabishano. Ndiye mgeni ambaye wengi huja kumtafuta. Huzalia mashimo anayoyachimba mchangani kwenye visiwa na pwani za Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na hakuna mwingine katika jamaa za vitwitwi anayefanya hivyo. Tafuta aliye wa kijivu mgongoni, amefuatana na mkubwa, akilia kwa sauti nyembamba: ni mtoto, bado analishwa kaa hata baada ya safari yote hiyo.

Beba daftari na penseli, maana wino hutoka na jasho. Ukimwona asiyejulikana, andika kabla ya kufungua kitabu: saa, hali ya maji, jua liko wapi, umbali, rangi ya mdomo na miguu, alikuwa karibu na ndege gani na mkubwa au mdogo kuliko nani. Kitabu kikifunguliwa kwanza, macho huanza kuona kilichochorwa. Picha tatu zinatosha: ubavu, bawa wazi, na moja pamoja na ndege unayemjua. Ukitumia simu kwenye darubini ya stendi, rekodi video ya sekunde kumi badala ya kubonyeza picha moja moja, halafu chagua kipande usiku. Kisha peleka kumbukumbu eBird au Tanzania Bird Atlas (hazina za kumbukumbu za ndege) kwa jina la kisayansi, kwa sababu kitwitwi peke yake kinaweza kuwa ndege kumi.

Kaeni mita mia na zaidi kutoka mahali wanapopumzikia. Wakiinua vichwa wote kwa pamoja na kuanza kutembea, mmeshakaribia mno; rudini kabla hawajaruka.

Usiku wa kuamkia safari, piga simu mbili: kwa mwenye boti au dereva, kuthibitisha saa kwa maneno "ya asubuhi" au "ya jioni", na kwa mtu wa kijijini kuuliza upepo. Kaskazi ikivuma hata povu linapasuka juu ya mwamba wa nje, ghairi boti mtazame kutoka nchi kavu, kwa kuwa juu ya chombo kinachoyumba hakuna darubini itakayokupa rangi ya mguu.